Babu Akinyamaza, Riwaya na Iseme

 

Mwaka 1990 Ujerumani Mashariki na Magharibi ziliungana. Waandishi wao hawakufunika mambo. Ingo Schulze, kwa mfano, alitoa Simple Storys mwaka 1998, kitabu kuhusu watu wa mji mdogo wa mashariki ambao maisha yao yaligeuka ghafla. Je, sisi?

Hapa Meru na Embu hatukujengewa ukuta kama wa Berlin, lakini tuligawanyika. Wakati wa Hali ya Hatari, 1952 hadi 1960, wengine waliingia msituni na wengine wakawa homugadi. Uhuru ulipofika 1963 tuliambiwa tusahau. Haya, tulisahau? Jenerali Baimungi wa Meru aliuawa 1965, Kenya ikiwa huru tayari. Marufuku ya Mau Mau nayo iliondolewa 2003!

Kwetu mambo haya yako mezani. Baba yake nyanya alikuwa msituni. Baba yake babu alikuwa homugadi. Watoto wao wakaoana, nami nikatokea huko. Kila tarehe 20 Oktoba, redio ikianza kuwasifu mashujaa, nyanya huongeza sauti. Babu naye huinuka akaenda kukama ng'ombe, hata kama ni saa sita mchana. Hakuna anayeuliza kitu. Sasa mimi niwe mjukuu wa nani?

Kuna wanaosema ati riwaya za namna hii zitatonesha vidonda. Mimi sikubali. Kidonda kilichofunikwa bila kuoshwa huoza. Kitabu cha historia kinanipa mwaka na jina la jenerali, basi. Hakiniambii mtu alilalaje akijua jirani yake ndiye aliyemtaja, wala huyo jirani aliogopa nini. Riwaya inaweza kuwasikiliza wote wawili.

P. M. Kareithi alitutangulia na Kaburi Bila Msalaba mwaka 1969, tena kwa Kiswahili, lugha ambayo Mmeru na Mwembu wanaisoma pamoja. Tusimwache peke yake. Wazee wanaondoka, na nyanya aliyekuwa na miaka tisa 1954 leo amepita themanini.

Naomba chama chetu kitenge ukurasa wa masimulizi ya wazee, wa pande zote mbili. Hapo ndipo mwandishi atapata mbegu. Mimi nitaanza na babu, akitoka kwa ng'ombe.