Farasi Ana Jina, Saisi Hana

Wiki hii darasani niliwaonyesha wanafunzi wangu picha aliyoichora Mwingereza George Stubbs mwaka 1765. Katika picha hiyo yumo Gimcrack, farasi mashuhuri wa mashindano, na wanaume watatu: mmoja ameshika hatamu, mwingine amechuchumaa akimsugua mnyama, na wa tatu ni aliyempanda. Nikawasomea anwani yake: Gimcrack katika uwanda wa Newmarket, pamoja na mkufunzi, kijana wa bandani na mpanda farasi. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono na kuuliza: "Mwalimu, mbona farasi ana jina, lakini watu wana kazi tu?"

Tangu siku hiyo sijaacha kulitafakari swali lile.

Mwaka 2011 picha hiyo iliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni milioni 22. Wasio na fedha za namna hiyo, yaani karibu sisi sote, hununua nakala. Sizungumzii karatasi iliyotoka mtamboni, bali nakala iliyochorwa kwa mkono, rangi juu ya kitambaa, kipigo kwa kipigo. Kazi hii si ngeni. Stubbs mwenyewe alimchora Gimcrack huyohuyo zaidi ya mara moja. Leo kitovu chake kinachojulikana zaidi ni Dafen, katika mji wa Shenzhen nchini China, ambako tangu mwaka 1989 maelfu ya wachoraji wamekuwa wakinakili kazi za mabingwa wa Ulaya kwa ajili ya hoteli, ofisi na sebule za dunia nzima.

Siwadharau wanakili. Kunakili ni shule kongwe ya uchoraji, na nakala nzuri humfikishia mtu wa kawaida kile ambacho tajiri amekifungia nyumbani kwake. Hoja yangu ni nyingine: kila nakala ni uamuzi mpya. Mteja huchagua ukubwa, huchagua fremu, na akitaka huagiza farasi peke yake, bila watu wanaomzunguka. Hapo ndipo sanaa inapogeuka kuwa siasa.

Uzito wa jambo hili unaonekana vizuri zaidi Marekani, ambako wachungaji wa farasi waliochorwa walikuwa pia mali ya watu. Edward Troye, mchoraji mzaliwa wa Uswisi, aliishi kwa kuwachora farasi wa matajiri wa majimbo ya Kusini. Katika muongo wa 1830 alichora picha ambayo sasa imo katika jumba la sanaa la jimbo la Virginia, mjini Richmond. Anwani yake ni Richard Singleton pamoja na Harry wa Viley, Charles na Lew. Msomaji asidanganyike: Richard Singleton, mwenye jina kamili, ni farasi. Harry alikuwa mkufunzi, Charles saisi, yaani mtunza farasi, na Lew mpanda farasi. Wote watatu walikuwa Weusi na watumwa. Viley ni bwana aliyemmiliki Harry. Kiunganishi kimoja kidogo, "wa", kimebeba mfumo mzima wa utumwa.

Mwaka 1864 Troye alimchora Asteroid, farasi wa Kentucky ambaye hakuwahi kushindwa. Kando ya farasi huyo alimchora mkufunzi Ansel Williamson na kijana mpanda farasi Edward Brown. Wakati huo sheria ya Kentucky ingali ikiwahesabu kuwa watumwa. Miaka kumi na mmoja baadaye, mwaka 1875, Williamson, sasa mtu huru, ndiye aliyemfunza Aristides, mshindi wa Kentucky Derby ya kwanza kabisa, na aliyempanda siku hiyo alikuwa Oliver Lewis, naye Mweusi. Brown naye alikuja kuwa mkufunzi, na farasi aliyemfunza akashinda mashindano hayohayo mwaka 1877. Mwanzoni mwa karne ya 20 wapanda farasi Weusi walikuwa wameshaanza kusukumwa nje ya viwanja hivyo. Basi anayeagiza Asteroid bila watu wake anaikamilisha kwa brashi kazi ambayo ubaguzi uliianza viwanjani.

Wapo watakaosema: mwalimu, hilo ni pambo la ukutani tu, mtu anapenda farasi, mwache na farasi wake. Wengine watasema kwamba mnakili hana haki ya kuisahihisha historia. Nakubaliana na hao wa pili. Sitaki mtu aongeze wala apunguze hata kipigo kimoja cha brashi. Ninachotaka ni kwamba nakala iwe nzima, na kibao kilicho chini yake kiandike majina ya watu pale yanapojulikana. Pale yasipojulikana, kibao kiseme hivyo waziwazi.

Kibao hicho kiongeze jina moja zaidi. Mchoraji wa Dafen aliyekaa siku kadhaa akizitafuta rangi za manyoya na mwanga wa misuli, kwa kawaida haweki jina lake popote. Matokeo yake ni picha yenye wafanyakazi wawili waliofutwa: mmoja ndani yake, akiwa ameshika hatamu, na mwingine nje yake, akiwa ameshika brashi. Kati yao amesimama mnyama mwenye jina na bei.

Kwa hiyo wewe mtumishi wa umma unayeidhinisha fedha za kupamba kuta za ofisi, nawe mwanafunzi utakayeikalia ofisi hiyo kesho, kabla ya kutia saini uliza nani yumo pichani, nani ameondolewa, na nani ameichora. Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na haki ya kwanza ya mtu ni kuitwa kwa jina lake.