Kazi Hulindwa Kabla ya Barua

Uchumi unapoyumba kila mwajiriwa hulala na swali moja: je, jina langu limo katika orodha ya watakaopunguzwa? Wengi hulijibu kwa kunyamaza, kwa kujipendekeza kwa meneja, au kwa kumchongea mwenzao. Njia zote tatu hazifai. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa kazi huzibwa wakati mshahara ungali unaingia.

Sisi wa Pwani ya Kenya hatujasahau mwaka 2020. Machi 25 ndege za abiria kutoka ng'ambo zilisimamishwa, hazikuruhusiwa tena hadi Agosti 1. Hoteli nyingi za Diani, Nyali na Watamu zikafungwa, wafanyakazi wakapewa likizo bila malipo, vibarua wakarudi makwao. Lakini hoteli iliyofungwa haikosi kazi. Bwawa la kuogelea lisipotiwa dawa hugeuka kijani kwa siku chache tu. Jenereta sharti iwashwe mara kwa mara, mifereji ifunguliwe maji yasilale kwenye mabomba, magodoro yaanikwe yasiote ukungu kwa unyevu wa bahari. Mwenye hoteli anayebakiza watu wachache humtafuta nani? Humtafuta yule ajuaye bwawa, pampu na jenereta pia, tena ambaye akikabidhiwa funguo za stoo, mwenye mali hana wasiwasi.

Sheria yenyewe inatuonyesha njia. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri anayepunguza watu azingatie muda wa mtu kazini, ujuzi wake, uwezo wake na kutegemeka kwake. Muda huwezi kuuongeza: aliyeajiriwa juzi hawezi kumpita wa miaka ishirini. Lakini hayo mengine matatu yamo mikononi mwako.

Anza na ujuzi. Kuanzia Aprili hadi Juni, mvua zinaponyesha na wageni kupungua, mhudumu wa vyumba aombe zamu ya dobi au mapokezi. Mpishi ajifunze hesabu za stoo, ajue ni mafuta na samaki kiasi gani huishia jaani. Atakayesema huku ni kufanya kazi ya watu wawili kwa mshahara wa mmoja ana hoja. Jibu langu ni hili: ujifunze bila kusita, lakini mzigo huo ukigeuka wa kudumu, chama cha wafanyakazi kiuzungumzie mezani.

Uwezo nao huonekana katika mambo madogo. Anayepita bomba linalovuja akaliacha kwa kuwa maji si yake, amesahau kwamba bili ya maji na mshahara wake hutoka mfuko mmoja. Na kutegemeka ni kufika kwa wakati, kutodokoa cha watu, na kukataa fitina. Umchimbie mwenzako leo, kesho nani atakutetea?

Pamoja na bidii hiyo, jua haki zako, maana hata mfanyakazi hodari hupunguzwa. Chama chako na afisa wa kazi wanapaswa kuarifiwa angalau mwezi mmoja kabla. Asiye mwanachama aarifiwe mwenyewe kwa maandishi, na afisa wa kazi pia. Siku za likizo ulizobakiza hulipwa kwa fedha taslimu. Kiinua mgongo hakipungui mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimiza. Kwa hiyo tunza nyumbani barua yako ya ajira na karatasi za mshahara, wala usitie saini karatasi ya kuacha kazi kwa hiari wakati hiari hiyo huna.

Nanyi waajiri, mfanyakazi hawezi kuiokoa kampuni ambayo hali yake haelezwi. Waiteni watu wenu mapema, waelezeni mapato yalivyoshuka, waulizeni wapi gharama zinaweza kupunguzwa. Waoshao vyombo wanajua kinachotupwa kuliko mhasibu.

Ndugu msomaji, usingoje tangazo libandikwe ukutani. Wiki hii chagua kazi moja ya jirani yako usiyoijua, umwombe akufundishe, nawe umfundishe yako. Mkijua kazi zaidi ya moja, nyote wawili mtakuwa na la kumwonyesha mwajiri, huyu au atakayefuata.