Siku Sita Nangani

Mwaka 1869 kipindupindu kilifika Pangani kwa njia ya bara, kikavuka bahari pamoja na wasafiri hata Unguja, kikaua maelfu ya watu. Ndiyo sababu chombo chenye mashaka ya ugonjwa huzuiliwa nangani, ikiwa ni Bagamoyo au bandari nyingine. Katika kisiwa cha Changuu, karibu na mji wa Unguja, gereza lililojengwa miaka ya 1890 halikupata wafungwa. Likawa karantini ya wasafiri walioshukiwa homa ya manjano.

Kungoja huko kuna hesabu yake. Aliyeambukizwa homa hiyo huugua baada ya siku 3 hata 6. Basi siku 6 zikiisha, naye ni mzima, huachiliwa.

Lakini siku 6 chomboni ni ndefu. Nahodha hupima maji ya kunywa kwa kata. Mabaharia hufua ngama, hushona tanga, huvua samaki. Ikiwa ugonjwa ni kipindupindu, yafaa maji yachemshwe, wala ya kuoshea sahani yasitekwe karibu na choo kilichoko tezi. Kazi hizi hutuliza moyo, maana jioni taa za Bagamoyo huonekana, na kila mmoja hutamani kwao. Akitoroka mmoja kwa mtumbwi usiku, kungoja kwa wenziwe wote kumepotea bure, na walio hatarini kwanza ni watoto wake mwenyewe.

Nasi wa nchi kavu tunao wajibu. Tuwapelekee unga, kuni, maji na habari za nyumbani. Mtu asiyesahauliwa huweza kungoja.