Shabaha Nairobi magharibi: tutafute ukumbi, si shamba

Mkazi wa Lavington, Kilimani au Karen anayependa kulenga shabaha kwa burudani hana budi kujiandaa kwa safari. Viwanja vinavyojulikana zaidi viko mbali na kwake. Kimoja ni cha Kirigiti, Kaunti ya Kiambu, kinachotumiwa na Chama cha Kitaifa cha Wamiliki wa Bunduki, NGAO. Kingine ni cha Stoni Athi, Machakos, ambako walengaji wa bunduki ndefu wamekuwa wakishindana kwa miaka mingi. Kutoka Ngong Road kwenda huko Jumamosi asubuhi ni kuvuka jiji zima au kulizunguka, na wakati mwingine foleni za magari hula muda mrefu kuliko mazoezi yenyewe. Ndiyo maana kila mara linasikika pendekezo kwamba kitafutwe kipande cha ardhi karibu, labda kando ya msitu wa Ngong, au kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, au katika shamba la rafiki kule Kikuyu. Nalielewa pendekezo hilo, lakini naona linaelekea pabaya. Nairobi magharibi haihitaji uwanja wa wazi wa risasi. Inahitaji ukumbi wenye paa, kuta nne na bunduki za upepo. Anayetaka kufyatua baruti aendelee kwenda Kirigiti na Stoni Athi.

Tuanze na risasi yenyewe. Risasi ya bastola ya milimita 9 ikikosa shabaha na kukosa kizuizi huweza kuruka zaidi ya kilomita moja na nusu. Ile ndogo ya .22, ambayo wengi huiona kama ya kujifunzia tu, hupita kilomita moja. Ya bunduki ndefu ya kivita au ya kuwindia huenda zaidi ya kilomita tatu. Sasa zipime hesabu hizo dhidi ya jiji. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 katika Kaunti ya Nairobi, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 696 hivi. Hiyo ni zaidi ya watu 6,000 kwa kila kilomita ya mraba, na hesabu hiyo inajumuisha Mbuga ya Kitaifa, ambamo waishio ni simba na twiga. Msitu wa Ngong unaoonekana mtupu kwenye ramani umepasuliwa na barabara ya Southern Bypass, na ndani yake kuna wapanda baiskeli, waokota kuni na watembeaji wa wikendi. Machimbo ya mawe nayo yana ubaya wake, kwani risasi ikigonga jiwe hugeuka na kwenda isikotarajiwa. Kwa yote hayo, ukubwa wa eneo haumhakikishii mtu usalama. Kinachoufanya uwanja kuwa salama ni kile kilicho nyuma ya shabaha: tuta la udongo lenye kimo cha kutosha, ukuta wa zege, au mtego wa chuma unaoimeza risasi isirudi.

Historia ya jiji hili inaonyesha pia kwamba ardhi ya mazoezi haikai tupu. Mwanzoni mwa karne ya 20 eneo la Kibra lilitengewa askari wa King's African Rifles, wengi wao Wanubi, wakaishi na kufanyia mazoezi humo. Mwaka 1918 likatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya kijeshi yenye zaidi ya ekari 4,000. Kila Mkenya anajua kilichopo hapo leo. Kiwanja cha risasi kitakachofunguliwa mwaka huu pembeni mwa Ngong au Kikuyu kitazungukwa na nyumba za kupanga kabla mkopo wa ujenzi haujalipwa, na hapo ama kifungwe, ama majirani waishi na hofu. Kaskazini mwa nchi tuliona yanayotokea pale mipaka ya uwanja isipoeleweka. Wafugaji wa Kimaasai na Kisamburu waliuawa na kulemazwa na mabomu yasiyolipuka katika maeneo ya mazoezi ya jeshi la Uingereza, Dol Dol na Archer's Post, na mwaka 2002 Uingereza ikakubali kulipa fidia ya takriban pauni milioni 4.5 kwa walalamikaji 228. Mabomu ya jeshi si bastola ya klabu, nakubali. Lakini kosa la msingi lilikuwa lile lile la kudhani kwamba mahali ambapo mtu haonekani, mtu hapiti.

Ukumbi ninaousema si jambo la kubuni. Katika Michezo ya Olimpiki, bunduki ya upepo na bastola ya upepo hulengwa kwa umbali wa mita 10, ndani ya jengo. Kipande cha risasi kina kipenyo cha milimita 4.5 na husukumwa na hewa iliyoshindiliwa. Nguvu yake ni sehemu ndogo sana ya ile ya risasi ya bastola ya milimita 9, ambayo huizidi zaidi ya mara 50. Bado inaweza kupofusha jicho, hivyo miwani, mstari wa kufyatulia na msimamizi ni lazima. Lakini sanduku la chuma lenye ukubwa wa sinia hutosha kuizuia, na sauti yake haivuki ukuta. Asidhani mtu kwamba umbali mfupi unaufanya mchezo kuwa wa kitoto. Kwa bunduki, alama ya pointi kumi ni kitone cha nusu milimita, na mlengaji hupewa saa moja na robo kufyatua mara 60. Mapigo ya moyo yanatosha kumharibia. Mwaka 2008 mjini Beijing, Abhinav Bindra aliipa India dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki kwa mwanariadha mmoja mmoja katika mchezo huu, na sehemu ya mazoezi yake aliifanyia katika ukumbi uliojengwa nyumbani kwao. Miaka 16 baadaye Mhindi mwenzake Manu Bhaker akatoka Paris na shaba mbili za bastola ya upepo. Katika michezo hiyo hiyo ya Paris, Mturuki Yusuf Dikeç alisimama na mkono mmoja mfukoni, akajipatia fedha na kuwa gumzo la simu za Wakenya kwa wiki nzima. Wengi waliocheka picha ile hawakufahamu kwamba kila alichokihitaji kingeenea ndani ya ukumbi wa kanisa au wa shule.

Kuna watakaosema kwamba hoja hii inawasahau wakazi wenye leseni ya bunduki, ambao upande wa magharibi hawakosekani, na ambao wana sababu nzito zaidi ya burudani. Ni kweli kwamba mashambulizi mawili makubwa ya kigaidi ya miaka ya karibuni jijini yalitokea upande huo: jumba la maduka la Westgate, Septemba 2013, ambako watu 67 waliuawa, na jengo la Dusit, Riverside Drive, Januari 2019, ambako walikufa 21. Pale Westgate, raia wenye bastola zao walikuwa miongoni mwa walioingia mapema na kuwatoa watu, na sifa yao ni ya haki. Ila siku ile ile vikosi vya serikali, vyenye mafunzo ya miaka, vilirushiana risasi kwa makosa. Kama hayo yaliwapata waliofunzwa, tumfikirie mwenye leseni aliyegusa bastola yake mara ya mwisho siku ya kuinunua. Leseni husema kwamba Bodi ya Kutoa Leseni za Bunduki imemwona mtu huyu anafaa. Haisemi kwamba mkono wake umezoea. Kwa hiyo mwenye leseni anahitaji kurudia mazoezi, na hapo ndipo ukumbi wa karibu unapomfaa: kushika, kulenga, kupumua, kuvuta kifyatulio bila kuyumba, na zaidi ya yote kutoelekeza mdomo wa bunduki kwa mtu hata ikiwa tupu. Hayo yote hufunzwa kwa bunduki ya upepo jioni baada ya kazi. Kisha mara chache kwa mwaka asafiri Kirigiti akafyatue risasi halisi chini ya macho ya wakufunzi. Safari ndefu anayoifanya mara chache haimlemei. Ile anayotakiwa kuifanya kila wiki ndiyo ambayo mwishowe huiacha kabisa.

Pingamizi zito zaidi ni la mzazi anayeuliza kwa nini tuwazoeze watoto wetu bunduki katika nchi iliyojaa bunduki. Swali hilo halijibiwi kwa mzaha. Utafiti wa Small Arms Survey ulikadiria kwamba bunduki zilizo mikononi mwa raia nchini Kenya ni takriban 750,000, na zilizosajiliwa ni sehemu ndogo mno ya hizo. Novemba 2016 serikali iliteketeza silaha haramu 5,250 pale Ngong, na bado mtiririko haujakauka. Nao wenye vibali hawana usafi wa kujivunia sana. Januari 2020 kijana mcheza santuri alipigwa risasi shingoni katika klabu ya usiku eneo la Kilimani, na mwishoni mwa 2018 Wizara ya Usalama wa Ndani ililazimika kuwaita wote wenye leseni wakaguliwe upya. Sidai kwamba ukumbi wa shabaha ungezuia lolote kati ya hayo. Ninachosema ni kwamba kijana wa Kawangware au wa Kileleshwa tayari anaiona bunduki: kwenye filamu, kiunoni mwa mheshimiwa, mkononi mwa mlinzi wa benki, na wakati mwingine mkononi mwa jambazi. Katika sura zote hizo bunduki ni kitisho au ni cheo. Hajawahi kuiona kama chombo chenye sheria kali ambacho mwenye papara hushindwa nacho. Katika mchezo wa mita 10, mwenye hasira hafungi pointi. Mzazi ambaye hata hivyo hataki mwanawe aguse bunduki ana haki yake, na kwa huyo upo mshale. Shehzana Anwar, aliyeibeba bendera ya Kenya kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Rio mwaka 2016, ni mlenga shabaha wa upinde, na upinde na bunduki ya upepo vinaweza kugawana ukumbi mmoja kwa zamu.

Wizi wa silaha unatajwa sana. Utapungua iwapo bunduki zitabaki mali ya klabu, zifungiwe hapo hapo, na Bodi izikague. Bunduki ya upepo ya mashindano, ndefu na yenye uzito wa kilo tano hivi, haina mvuto kwa mtu anayetafuta kitu cha kuficha ndani ya koti. Kelele si tatizo kwa hewa, ingawa kwa baruti ni kizuizi kikubwa, na kanuni za mamlaka ya mazingira, NEMA, za mwaka 2009 kuhusu kelele na mitetemo zinampa jirani mahali pa kulalamikia. Risasi ya madini, yaani ile sumu ya lead, ndiyo ningeitilia mkazo kuliko yote, kwa sababu haionekani. Vipande vingi vya bunduki ya upepo vimetengenezwa kwa madini hayo, na vumbi lake hushika mikono na nguo. Wakenya hatuna kisingizio cha kutoyajua madhara yake baada ya Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwatia wakazi sumu na mahakama mwaka 2020 ikawapa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Dawa yake ni ya kawaida: feni za kutoa hewa nje, kufagia kwa maji badala ya ufagio mkavu, marufuku ya kula ukumbini, na kunawa kabla ya kutoka. Vipande visivyo na madini hayo vipo pia, na kwa watoto ningevifanya sharti.

Kuhusu gharama, ni kweli kwamba mchezo huu umekuwa wa wenye mali, na ukiachiwa klabu za wanachama pekee utabaki hivyo. Ndiyo maana mahali panapofaa ni katika mali ya umma. Kando ya Ngong Road, pale Jamhuri, serikali ilianzisha ujenzi wa uwanja wa Talanta wa kuketisha watu 60,000 kwa ajili ya AFCON ya 2027. Uwanja wa mpira wa ukubwa huo huwa mtupu siku nyingi za wiki. Chumba kimoja chini ya jukwaa au katika majengo ya karibu, chenye urefu wa mita 15 na mistari kumi ya kufyatulia, kingewahudumia watu wa Dagoretti, Kibra, Kilimani na Karen, nao wangefika kwa matatu. Wizara ya Michezo itoe chumba, shirikisho la ulengaji shabaha litoe wakufunzi na sheria zake, Bodi itoe idhini na ifanye ukaguzi, na ada iwe ile ambayo mwanafunzi wa sekondari anaimudu.

Mpaka hapo, matangazo ya mahali pa kulengea shabaha yataendelea kuzunguka kwenye simu, mengine ya watu makini, mengine ya mwenye shamba na makopo juu ya ua. Msomaji akialikwa, asiulize kwanza bei wala aina ya bastola. Aombe kuonyeshwa kibali cha mahali hapo, amjue msimamizi wa mstari wa kufyatulia, kisha atembee hadi kwenye shabaha aone kilicho nyuma yake. Akikuta majani na upeo wa macho, arudi nyumbani.