Arbuni Isitangulie Majaribio

Julai 2006, katika banda moja la ndege huko Santa Monica, California, kampuni changa ya Tesla iliwafunulia wageni wake Roadster, gari la spoti linalotumia umeme mtupu. Wiki chache baadaye, watu 100 walikuwa wameshaweka dola 100,000 kila mmoja, wakiahidiwa kulipata gari lao mwaka uliofuata. Mwaka huo ukaisha mikono mitupu. Gari la kwanza lilitoka Februari 2008, likaenda kwa Elon Musk, mwenyekiti wa kampuni yenyewe.

Kuchelewa huko kulipigiwa kelele, na lawama nyingi ziliwaangukia wahandisi. Naona hazikuwastahili. Hawakukosea kupima kwa muda mrefu. Waliokosea ni wale waliopokea fedha za watu na kutaja tarehe kabla vipimo havijatoa jibu.

Chukua giaboksi. Mota ya umeme humwaga nguvu zake za kuzungusha tangu gari linapoanza kuondoka, tofauti na injini ya petroli ambayo sharti ipandishe mizunguko kwanza. Tesla walitaka gari lifikie kilomita 96 kwa saa ndani ya sekunde zipatazo nne, na papo hapo liweze kukimbia hadi kilomita 200 kwa saa. Wakaamua litumie gia mbili. Hesabu za mezani zilikubali, lakini majaribio ya kudumu yalikataa: kila gia ilipobadilishwa, nguvu zile zote zilishuka kwa kishindo juu ya vyuma, navyo vikafa mapema mno. Mtengenezaji wa giaboksi akabadilishwa, tatizo likabaki palepale. Magari ya mwanzo yakauzwa yakiwa yamefungiwa kwenye gia ya pili, yakitumia sekunde 5.7 badala ya nne, kwa ahadi kwamba yangerekebishwa baadaye. Hatimaye dawa ilipatikana kwingine kabisa. Wahandisi waliboresha kifaa cha elektroniki kinachoipelekea mota umeme, mota ikaongezeka nguvu, gia moja ikatosha. Ni ufumbuzi mzuri sana, na hakuna meneja ambaye angeweza kuuandikia tarehe.

Betri ilidai subira kubwa zaidi. Ilikuwa na seli ndogo 6,831, za aina iliyokuwa ikitumika kwenye kompyuta za mkononi, na uzito wa kilo 450 hivi. Seli za lithiamu zinaweza kuwaka zikipata joto kupita kiasi, kwa hiyo jambo la kujua lilikuwa hili: seli moja ikishika moto, za jirani zitasalimika? Wahandisi walizichoma makusudi, wakabadili mpangilio na namna ya kuzipoza kwa kimiminika, kisha wakachoma tena. Abiria anakaa mbele tu ya betri hiyo. Mtu anayetaka kazi hiyo ifanywe haraka hajafikiri atakaa wapi.

Hata chasisi, iliyotokana na Lotus Elise ya Uingereza, ilibadilishwa, kizingiti cha mlango kikashushwa ili watu waingie kwa urahisi. Kila badiliko la namna hiyo lilizidi kuwaondolea faida ya kurithi umbo ambalo lilikwisha kugongeshwa na kupimwa.

Wanaotetea arbuni wana hoja nzito. Bila fedha za wale wateja wa awali, na imani yao, huenda Roadster isingezaliwa, na makampuni makubwa yangeendelea kuliona gari la umeme kama ndoto. Yapata magari 2,450 yaliuzwa, nayo yaliibadili tasnia nzima. Nalikubali hilo bila kinyongo. Lakini mwekezaji akihatarisha fedha zake hupewa hisa, na kampuni ikipaa anapaa nayo. Mteja aliyetoa arbuni hupata gari tu, au halipati. Mwishoni mwa 2008 ilijulikana kwamba Tesla ilikuwa imebakiwa na takriban dola milioni 9 benki, ilhali mamia ya watu waliolipa walikuwa bado wanasubiri. Musk alilazimika kutamka kwamba angewadhamini kwa mali yake binafsi. Mwanzoni mwa 2009 waliokuwa kwenye foleni wakaambiwa kuwa baadhi ya vifaa vilivyokuwa ndani ya bei sasa vingelipiwa zaidi. Haki ya mnunuzi haipaswi kutegemea ukarimu wa tajiri mmoja.

Funzo hilo halikushika. Novemba 2017 Tesla ilitangaza Roadster mpya, ikataka dola 50,000 za kushika nafasi, na dola 250,000 kwa toleo la kwanza, kwa ahadi ya mwaka 2020. Mwaka huo ulipita, na miaka mingine ikaufuata, bila mteja hata mmoja kukabidhiwa ufunguo.

Sheria inayofaa ni nyepesi kuandika: arbuni ya gari ikae kwenye akaunti ya amana, na kiwanda kisiiguse mpaka gari lipite majaribio ya kugongeshwa na kupata kibali cha kuuzwa. Mpaka sheria hiyo ije, ndugu msomaji, mtu akikuomba arbuni ya gari, basi au pikipiki ya umeme, mwombe kwanza ripoti ya majaribio. Akikuonyesha picha, funga pochi yako.