Rafu Zipo, Majarida Je?

Tarehe 27 Novemba 2018 ilifunguliwa maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyojengwa kwa msaada wa China, yenye nafasi ya vitabu 800,000 na wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja. Tulilifurahia tukio hilo, na bado twalifurahia. Lakini jengo hulipiwa mara moja; majarida ya kitaalamu hulipiwa kila mwaka, na bei huamuliwa na muuzaji.

Biashara hii ni ya ajabu. Mhadhiri anayelipwa na umma hufanya utafiti, huandika makala, kisha humkabidhi mchapishaji bila ujira. Mwenziwe huikagua, naye bila ujira. Hatimaye maktaba ya chuo chao hutakiwa kuilipia makala hiyo hiyo kwa fedha za kigeni. Tena siku hizi hainunui, bali hupanga kama mtu apangavyo chumba. Jarida la karatasi lilibaki rafuni hata ada ilipokoma. Katika mikataba mingi ya intaneti, kodi ikikoma mlango hufungwa.

Asidhani msomaji kwamba hiki ni kilio cha maskini peke yao. Mwaka 2012 kamati ya wahadhiri wa Harvard, chuo chenye utajiri usio kifani, ilionya kwamba majarida ya baadhi ya wachapishaji wakubwa yanakigharimu karibu dola 3,750,000 kwa mwaka, na kwamba hali hiyo haivumiliki. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha California kilivunja mazungumzo na kampuni ya Elsevier, kikakaa karibu miaka miwili bila makala zake mpya, hadi mapatano ya Machi 2021.

Sisi hupata majarida mengi bure au kwa bei nafuu kupitia mpango wa Research4Life, uliochipuka mwaka 2002. Twashukuru. Hata hivyo, msaada huo hutazama pia pato la nchi, na tangu Julai 2020 Tanzania imehesabiwa miongoni mwa nchi za kipato cha kati cha chini. Heshima hiyo yaweza kuja na ankara yake.

Kwa hiyo twaonelea kwamba fungu la majarida lisiwe la kwanza kukatwa bajeti inapobana. Vyuo viwakabili wachapishaji kwa sauti moja. Na kila makala iliyotokana na fedha za umma iwekwe nakala yake katika hazina ya chuo, isomwe na yeyote. Mkutubi asiachiwe peke yake kuamua kama watakaokosa mwaka huu ni wahandisi au wanasheria.