Mji wa Kale si Hoteli: Kijana, Jua Haki Yako Kabla Hujalipa Dipoziti

Hebu tuambizane ukweli, vijana wenzetu. Mji wa Kale wa Mombasa tunausifu sana. Milango ya nakshi tunaipiga picha, Ndia Kuu tunapeleka wageni, na Fort Jesus tangu 2011 iko kwenye orodha ya UNESCO. Lakini jaribu wewe, mtoto wa hapahapa, kutafuta nyumba ya chumba kimoja na sebule Kibokoni au Kuze ili uoe uanze maisha. Utajua hujui!

Kwanza dalali. Anataka pesa ya kuonyesha tu, nyumba uipende usiipende. Kisha mwenye nyumba: kodi ya mwezi, dipoziti ya miezi miwili, na karatasi hakuna. "Sisi si watu wa nyumbani? Mkataba wa nini?" Miezi minane baadaye unaambiwa utoke kabla ya Ijumaa, nyumba inageuzwa ya wageni wa kulala usiku mmoja mmoja. Dipoziti je? "Imekwenda kwa rangi."

Hesabu yake iko wazi. Tuseme wewe unalipa 15,000 kwa mwezi. Mgeni akilipa 3,000 kwa usiku, siku tano tu ameshakufikia. Ndio maana unatolewa.

Wapo watakaosema nyumba ni yake, afanye atakavyo. Na kweli nyumba ya mawe ni ghali kuitunza. Chokaa na boriti si bure, na hili ni eneo la uhifadhi, huvunji ukuta bila ruhusa. Sawa. Hakuna anayemwambia akodishe kwa hasara. Lakini gharama si ruhusa ya kula dipoziti ya mtu na kumfukuza kama paka. Dhulma ni dhulma, hata ikifanywa na mtu unayeswali naye safu moja.

Na sheria iko wapi? Kipengele cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema kila mtu ana haki ya makazi bora. Sheria ya kudhibiti kodi tunayo tangu 1959, na baraza lake lipo. Lakini inalinda nyumba ambayo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi! Nani anapata chumba kimoja na sebule Mji wa Kale kwa bei hiyo? Mwaka 2021 Bunge lililetewa mswada wa kubadilisha mambo haya. Wabunge wetu waulizwe waliufanyia nini.

Usidhani lakini kwamba huna pa kushika. Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 57, inasema anayelipa kwa mwezi apewe notisi isiyopungua mwezi mmoja. Ndio, hata kama hamkuandikiana. Kwa hivyo "toka Ijumaa" si notisi.

Basi fanya hivi. Usilipe kabla ya kuiona nyumba na kujua mwenyewe ni nani. Lipa kwa M-Pesa, usilipe mkononi. Dai karatasi, hata iwe ukurasa mmoja: kodi ni ngapi, dipoziti ni ngapi na inarudishwa lini, notisi ni muda gani. Siku ya kuingia piga picha kila ukuta, kila nyufa, kila mfereji. Ukiambiwa utoke, omba iandikwe.

Na tusiishie kwa kujilinda mmoja mmoja. Muulize MCA wako: kaunti inajua ni nyumba ngapi za Mji wa Kale zimegeuzwa za wageni? Kuna kikomo? Mji uliobaki na milango bila wenyewe ni jumba la makumbusho tu. Watoto wa Kibokoni wakihamia bara wote, nani atajaza misikiti ile alfajiri? Mtalii?

Mtumie mwenzako anayetafuta nyumba mwezi huu. Kabla hajalipa.